Nani Ashike Mkuki? Waigizaji watatu kwa filamu ya msichana aliyekwenda vitani kama mwanaume

Tumebakiwa na wasichana watatu na siku tisa. Usaili tuliufanya wiki mbili mfululizo, kwanza kwenye ukumbi wa kuazima Kirumba, hapa Mwanza, halafu ufukweni Kayenze, na kati ya wote waliokuja hawa watatu ndio tumeshindwa kuwaacha. Mmoja anacheza ngoma Kisesa. Wa pili ni mwigizaji wa Dar es Salaam ambaye ukitaja jina lake ndani ya daladala, abiria watageuka. Wa tatu anauza dagaa pale mwaloni Kirumba. Nafasi ni moja. Naandika ulinganisho huu kwa sababu sisi wenyewe tumebishana hadi sauti zikakauka, na kwa sababu najua kuna wenzetu Musoma, Bukoba na hata Kisumu wanaowaza filamu ya namna hii, nao watafika kwenye njia panda hii hii.

Kisa chenyewe tumekiazima. Hua Mulan ni msichana wa shairi la kale la kaskazini mwa China, linalohusishwa na enzi ya Wei ya Kaskazini, kati ya karne ya 4 na ya 6. Mfalme anaita askari, jina la baba limo kwenye kila orodha, baba amezeeka na hana mtoto wa kiume aliyekomaa. Binti anazunguka masoko, ananunua farasi, tandiko, hatamu na mjeledi, anaondoka badala ya baba yake. Anakaa vitani miaka 12. Siku anayorudi anavaa nguo zake za zamani, anajipamba mbele ya kioo, anatoka nje, na wenzake wa vita wanapigwa na butwaa: miaka yote hiyo hawakujua. Sisi tumekileta kisa hicho Usukuma, zama za watemi, watawala wetu wa jadi. Farasi tumewaondoa, mahali pao wameingia ng'ombe, mkuki, upinde na safari ndefu ya miguu.

Mwisho wa shairi hilo kuna sungura wawili. Dume, linasema, hurusharusha miguu. Jike macho yake hufifia. Wakikimbia sambamba, nani atamjua dume ni yupi na jike ni yupi? Hapo ndipo ninapoanzia kila nikifikiria nani tumchague. Aliye mbali anaona miguu. Kamera inasogea karibu, inaona macho. Mwigizaji tunayemtafuta miguu yake iwadanganye askari wa kambini, na papo hapo macho yake yatuambie ukweli sisi tuliokaa kwenye viti.

Sisi tulianza vibaya. Tangazo letu la kwanza la WhatsApp liliomba msichana "anayeweza kuonekana kama mwanaume". Wakaja mabinti warefu, wenye mabega na sauti nzito, nasi tukawapanga mstari na kuwapima kwa macho kama wanunuzi wa mnadani. Ilinichukua siku nne kuona kosa. Mtazamaji hadanganywi na yeyote. Amemwona msichana huyo nyumbani kwao, anamjua tangu dakika ya tano. Wanaodanganywa ni mtemi na watu wake. Kwa hiyo swali halikuwa nani anafanana na mwanaume. Swali lilikuwa nani tutamwona akificha.

Na hapa kwetu anaficha nini? Katuni ya Disney ya mwaka 1998 ilimfanya Mulan akate nywele kwa upanga, na watu wengi wanadhani bila kukata nywele hakuna kisa. Kwenye shairi la zamani hakuna mkato huo. Na Mwanza nywele hazisemi lolote: wanafunzi wa kike wa shule za msingi za serikali wananyolewa kama wavulana, kila mama aliyekaa ukumbini alishawahi kuwa na kichwa hicho. Ukinyoa msichana mbele ya kamera, mtazamaji wa Igoma ataona mtoto anayejiandaa kwenda shule, au mtu aliyefiwa. Kinachomfichua mwanamke Usukuma ni goti. Binti aliyelelewa vizuri akimwamkia mzee, goti linashuka kabla mdomo haujafunguka. Halafu mzigo: mwanamke anautwika kichwani juu ya kata, mwanaume anauweka begani. Na kuna jinsi ya kukaa chini, miguu ikiwa imekunjwa upande mmoja. Mambo hayo mwili umeyajua miaka kumi na tano kabla ya mwigizaji kusoma mstari wake wa kwanza.

Lugha nayo ina lake. Kiswahili hakimtofautishi mwanamke na mwanaume kwenye kitenzi. "Amekuja, amepigana, amelala" ni yeyote. Kambi nzima inaweza kumsimulia shujaa wetu filamu nzima bila neno moja kumsaliti. Isipokuwa swali moja ambalo wanaume wakikaa kwenye moto lazima litoke: "Wewe umeoa?" Msichana aliyezoea kujibu "sijaolewa" ana silabi mbili tu za kufa au kupona. Swali hilo tulilifanya jaribio la pili. La kwanza lilikuwa goti: tulimpa kila msichana mkuki, tukamwambia asimame kama mlinzi wa lango, kisha mzee mmoja wa miaka sabini na kitu, tuliyemwomba aje na fimbo yake, akaingia bila wao kuambiwa.

Mwigizaji wa Dar es Salaam

Nianze na yeye kwa sababu ndiye rahisi kumtetea. Mzee alipoingia, alisema shikamoo, goti likashuka kidogo, akalisimamisha, akatupa jicho kulia na kushoto kuona kama kuna aliyemwona. Tuliomba arudie. Akarudia mara tano, na zote tano zilikuwa sawasawa, kiasi kwamba mhariri angeweza kuziunganisha popote. Hiyo si kazi ndogo. Anayedharau ustadi huo hajawahi kukaa usiku akihariri tukio ambalo mkono wa mwigizaji uko kiunoni kwenye picha moja na mfukoni kwenye inayofuata.

Ana jina, na jina lina kazi yake. Ukipeleka filamu kwa mtu wa televisheni, kabla hajauliza kisa anauliza "yupo nani?" Hata wenye vibanda umiza, zile kumbi ndogo za video mitaani, wanabandika sura ya steringi mlangoni, si jina la mwongozaji. China nao wamepita njia hiyo. Mwaka 2009 mwongozaji Jingle Ma alimchagua Zhao Wei, ambaye nchi nzima ilimjua tangu tamthilia ya mwaka 1998 iliyomfanya nyota akiwa msichana. Alikuwa na miaka 33 alipomcheza Mulan, na kwangu umri huo ulisaidia: filamu hiyo inakaa sana kwenye huzuni ya jemadari anayezika watu wake, na huzuni ya namna hiyo haiwezi kuazimwa na binti wa miaka kumi na minane.

Disney walipofanya filamu ya watu halisi ya mwaka 2020 chini ya mwongozaji Niki Caro, walitafuta mabara matano, wakaona karibu wasichana elfu moja, wakaishia kwa Liu Yifei. Hakuwa mgeni, alikuwa nyota wa China aliyekwisha kucheza tamthilia za upanga na aliyewahi kuishi Marekani, kwa hiyo Kiingereza alikuwa nacho. Walihitaji mambo matatu kwa mtu mmoja, yaani kuigiza, kupigana na lugha, wakayapata kwa bajeti ya dola milioni 200 hivi. Lakini nyota haji peke yake. Agosti 2019 aliweka mtandaoni ujumbe wa kuunga mkono polisi wa Hong Kong, na watu wakaitisha mgomo dhidi ya filamu ambayo bado haijatoka. Ukimchukua mwenye jina, umechukua na kila atakachosema hadi siku ya uzinduzi.

Kwetu shida ni nyingine. Anaweza kutupa siku kumi tu, na anachodai kwa siku hizo kinazidi tunachowalipa wengine wote pamoja. Siku kumi zinatosha kupiga picha zake. Kumfundisha kubeba mkuki kilomita nyingi bila mkuki kumbeba yeye, hazitoshi. Na lile jicho la kulia na kushoto bado linanisumbua. Lilikuwa zuri, lakini lilikuwa letu: alitutazamisha. Mtu anayeogopa kweli kugunduliwa hatazami kama ameonekana.

Muuza dagaa

Ana miaka ishirini na tisa. Ananunua dagaa alfajiri mitumbwi ikirudi na taa zake, anapatana bei na wanaume, na akikosa mbebaji anaweka gunia begani mwenyewe. Mzee alipoingia, alisema shikamoo akiwa wima, mkono kwenye mkuki, goti halikutikisika. Alipoulizwa "umeoa?" akajibu bila kupumua: "Ng'ombe wenyewe wako wapi?" Ukumbi mzima ulilipuka. Mstari huo haukuwamo kwenye mswada. Sasa umo, na nimemwambia utabaki hata kama yeye hatachukua nafasi.

Kila niliyemwonyesha video ya usaili wake alisema tumepata. Nami niliamini hivyo siku mbili nzima. Kisha tukaionyesha kwa watu wachache wasiojua kisa, na dada mmoja akauliza mwishoni: "Sasa yule msichana anaingia saa ngapi?" Hakuwa amemwona. Huyu mama wa dagaa anapita kambini bila jasho, kwa sababu mwaloni umeshamfundisha miaka mingi yale ambayo shujaa wetu anatakiwa ajifunze mbele yetu. Anaanzia pale kisa kinapoishia.

Kuna nyota mmoja wa Hong Kong anayenisaidia kufikiri hapa. Ivy Ling Po aliinuka mwaka 1963 kwa kucheza mwanaume, kwenye filamu ya nyimbo ya kampuni ya Shaw Brothers ambamo mwanamke mwenzake ndiye aliyecheza msichana anayejifanya mvulana ili asome. Watazamaji walimpenda kupita kiasi akiwa mwanaume. Mwaka 1964 wakampa Mulan. Naye akaimba mwenyewe, kwani kabla ya umaarufu alikuwa anaimbia wengine nyuma ya pazia. Hapo mchezo uligeuka: watu walishamzoea katika nguo za kiume, raha yao ikawa kumwona akirudi kwenye nguo za kike. Ukiwa na mwigizaji wa aina hiyo, uzito wa filamu unahamia nyumbani, kwenye ile siku ya kioo na vipodozi. Kama mswada wetu ungeanzia mwaka wa kumi wa vita, ningemchukua muuza dagaa leo hii, nisingeuliza mtu. Sauti yake ndiyo bora kati ya wote watatu, na ufukweni kwenye upepo wa mchana sauti ni nusu ya filamu.

Kuhusu sauti niseme jambo moja kwa yeyote anayefundisha nafasi hizi. Msimwambie msichana ashushe sauti hadi kooni. Ataiharibu ndani ya siku tatu, na maikrofoni itasikia anajikaza. Mwambieni aseme maneno machache, na amalizie sentensi chini. Mwanaume wa kambini hatofautishwi kwa uzito wa sauti, bali kwa kutokueleza. Katuni ya 1998 yenyewe iligawa sauti kwa watu wawili, Ming-Na Wen akasema na Lea Salonga akaimba, na hakuna mtoto aliyelalamika. Kwetu anaimba mmoja, na ataimba Kisukuma.

Mcheza ngoma

Ana miaka kumi na tisa na hajawahi kusimama mbele ya kamera hata ya harusi. Anatoka kwenye kikundi cha bugobogobo, ile ngoma ya majembe, ambako jembe linarushwa hewani na kudakwa huku miguu haikosi pigo. Waliowahi kwenda Bujora wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, makundi ya Bagika na Bagalu yakishindana kuvuta watu, wanajua mwili wa mcheza ngoma wa kwetu unaweza nini. Mkuki mkononi mwake ulikuwa jembe jepesi. Alishika mara moja, akauzungusha, akauweka begani, na mzee wetu wa fimbo akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mabinti hawakuruhusiwa hivyo zamani, halafu akaomba azungushe tena.

Alipoingia mzee kwa mara ya kwanza, yeye alikuwa ameegemea mlango. Goti likaanza kushuka. Likafika katikati. Akainama, akaokota jani kwenye kidole cha mguu kama aliyekuwa na nia hiyo tangu mwanzo, akasimama, akasema shikamoo. Hakutazama popote. Nilikuwa nyuma ya kamera na nilisahau kuisimamisha. Mwili wake ulikuwa umesema ukweli, akili ikawahi, na uso haukubadilika ila macho, yaliyopata kitu kama aibu kwa kumnyima mzee heshima yake. Hilo la mwisho ndilo lililoniumiza. Shujaa wetu haogopi tu kukamatwa. Kila siku anawakosea adabu wazee aliofundishwa kuwaheshimu, ili baba yake aishi.

Tulipoomba arudie, hakuweza. Mara ya pili goti lilikuwa zito. Mara ya tatu alikuwa analifikiria, na ungemwona analifikiria. Kwenye swali la kuoa alinyamaza muda mrefu kupita kiasi, akasema "sijaoa" kama mwanafunzi anayejibu mtihani.

Huu ndio udhaifu wenyewe, nami sitaki kuupamba. Kwa filamu yake ya mwaka 1957 mwongozaji Otto Preminger alitafuta msichana wa kucheza Jeanne d'Arc, yule binti wa Kifaransa aliyekwenda vitani, wakajitokeza 18,000 hivi, akamchagua Jean Seberg wa mji mdogo wa Marshalltown, Iowa. Binti hakuwa na filamu hata moja. Wakosoaji walimponda, na kwenye tukio la kuchomwa moto aliungua kweli. Miaka mitatu baadaye, kwenye filamu nyingine iliyopigwa Paris, dunia ikamwona. Kipaji kilikuwapo tangu mwanzo. Aliingizwa mbele ya kamera kubwa kabla hajalelewa. Tukimchukua binti wa Kisesa tukampeleka moja kwa moja kwenye siku ya kwanza ya kazi, tutamfanyia vile vile.

(Jeanne, kwa anayewachanganya, hakujificha. Jeshi lote lilijua ni msichana. Mavazi ya kiume yaliingia kwenye kesi iliyomuua mwaka 1431, akiwa na miaka 19 hivi. Kwa hiyo anayemchagulia mwigizaji hahitaji jaribio la goti. Falconetti, aliyemcheza Jeanne mwaka 1928, alibeba filamu nzima kwa uso tu, bila vipodozi. Ukifanya kisa cha aina ya Jeanne tafuta uso. Kisa cha aina ya Mulan kinataka mwili unaojua kitu ambacho uso unakikana.)

Nani kwa kazi ipi

Kama una siku chache, fedha ya kutosha na mnunuzi anayesubiri jina, mchukue nyota, lakini afike wiki tatu kabla na alale kijijini, si hotelini mjini. Asipokubali hilo, acha. Kama kisa chako kinaanza vita ikiwa imekomaa, au kama kipande kikubwa ni kurudi nyumbani, mtafute mwanamke ambaye maisha yameshampitisha kwa wanaume. Wapo mwaloni, wapo gereji, wapo kwenye machimbo ya Geita. Kama filamu inaanza siku ya kuondoka nyumbani na inataka tuone kila kitu kikifichwa kimoja kimoja, mchukue yule ambaye goti lake bado linashuka.

Yetu inaanza siku ya kuondoka. Nimepiga kura yangu kwa mcheza ngoma, na jana mtayarishaji ameafiki kwa masharti mawili. La kwanza, tusogeze upigaji picha kwa wiki sita, na wiki zote hizo awe anafanya mazoezi na muuza dagaa, ambaye amekubali kumfundisha kubeba gunia, kupatana bei na kujibu maswali ya wanaume bila kupumua. Atalipwa, na atacheza mke wa jirani anayemgundua. La pili, matukio ya goti yapigwe kwa kamera mbili, mara moja tu, bila binti kuambiwa mzee anaingia saa ngapi. Kamera ya pili tutaikodi.

Yamebaki madogo. Tukio la kuoga ziwani tutalipiga Kayenze kwenye maji ya mawe, mbali na majani, kwa saa chache tu, na baada ya wiki kadhaa wote walioingia majini watapimwa kichocho. Wanaotengeneza filamu ziwani wasiliruke hili. Nywele hatanyoa. Jumamosi tunakwenda Kisesa kwa wazazi wake na mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili, malipo ya kila siku yakiwa kwenye ukurasa wa kwanza. Baba yake ameshauliza kwa simu kama ni kweli kwenye mchezo binti anakwenda vitani kwa ajili ya baba. Nikamwambia ndiyo, mzee. Akauliza baba huyo atachezwa na nani.